Silsila ya Njia ya Puani

Zipo sanaa za binadamu ambazo, hata zikiandikwa vitabuni kwa ufasaha wa namna gani, hazihifadhiki ila mtu azipokee kwa mtu, mwanafunzi akisimama ubavuni pa mwalimu wake na kuutazama mkono unavyokwenda na unavyorudi. Na katika hizo ni chache zenye ushahidi wa jambo hili ulio dhahiri kuliko sanaa ya kuifikia tezi ya pituitari kwa kupita puani. Sanaa hii ilizaliwa katika miji ya Austria mwanzoni mwa karne ya 20, ikakwezwa daraja huko Marekani na mpasuaji wa ubongo mashuhuri kuliko wote wa zama zake, kisha ikaachwa na huyo huyo aliyeikweza, na wengi wakamfuata katika kuiacha. Na lau si watu wachache walioyashikilia yale waliyoyapokea, ingalikuwa leo ni habari ya vitabu vikuukuu tu, ilhali hivi sasa ndiyo njia wanayopasuliwa kwayo walio wengi mno katika wagonjwa wa tezi hiyo wanaohitaji kisu.

Tezi yenyewe ni kitu kidogo, chenye uzito wa nusu ya gramu hivi, kinachoning'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, kikakaa ndani ya shimo la mfupa ambalo wataalamu wa maumbile walilifananisha na tandiko la farasi la Kituruki, na jina hilo likabaki. Udogo wake si kipimo cha amri yake, kwa kuwa kutoka humo hutoka homoni ya ukuaji, na homoni inayoziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya mafigo, na inayoiamrisha tezi ya shingo, na zinazoendesha mambo ya uzazi, na prolaktini iletayo maziwa katika matiti ya mama. Ikitokea kundi moja la chembe zake likaongezeka bila ya kiasi, hufanyika uvimbe ambao aghalabu si saratani wala hausambai mwilini, walakini ubaya wake ni wa namna mbili: kwanza humwaga homoni yake bila kusikiliza amri yoyote, na pili, ukikua, huwabana majirani zake, hususan mishipa ya fahamu ya macho ambayo hukutana na kupishana juu yake kidogo tu.

Wahenga wa tiba walikuwa na rai nyingine kabisa. Galeno, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, alifundisha ya kuwa ubongo huzalisha balghamu, na kwamba uchafu huo huchujika kupitia tezi hii na kuteremka puani. Na matabibu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa miongoni mwao, waliipokea rai hiyo pamoja na elimu yote ya khilti nne za mwili, yaani damu, balghamu, safura na sauda, ikawa ndiyo kauli ya kutegemewa mashariki na magharibi kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja. Haikubatilishwa ila katika karne ya 17, pale Conrad Schneider wa Wittenberg, na baada yake Richard Lower wa Uingereza, walipothibitisha kwamba kamasi hutoka katika utando laini wa pua yenyewe, wala haishuki kutoka ubongoni. Tangu hapo tezi ikabaki kiungo kilichovuliwa cheo chake cha zamani bila ya kupewa kipya, na hali hiyo ikaendelea kwa karne mbili.

Katika karne mbili hizo maradhi yake yalikuwa yakionekana na kila mwenye macho, ila hapana aliyejua yatokako. Mwaka 1782 aliwasili London kijana wa Ireland aitwaye Charles Byrne, mwenye kimo cha futi 7 na inchi 7, akajionyesha kwa watu kwa malipo na kupata sifa kubwa, na mwaka uliofuata akafa, umri wake ukiwa miaka 22. Inasimuliwa kwamba aliwausia rafiki zake wamzike baharini ndani ya jeneza la risasi, kwa kuwa aliwaogopa wapasuaji. Lakini John Hunter, mpasuaji mwenye pupa ya kukusanya maumbile ya ajabu, alitoa fedha nyingi akaupata mwili, akauchemsha mpaka ikabaki mifupa, nayo ikasimamishwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake. Mwaka 1909 fuvu hilo lilifunguliwa mbele ya Arthur Keith na Harvey Cushing, ambaye habari zake zitakuja hivi punde, wakakuta shimo la tezi limepanuka kupita kiasi. Na mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Marta Korbonits wa London walitoa chembe za urithi katika meno ya marehemu, wakagundua kasoro katika jeni liitwalo AIP, ile ile waliyoikuta kwa watu walio hai wa Ireland ya Kaskazini wenye uvimbe wa tezi, ikabainika kwamba wote wana asili moja ya kale. Mwaka 2023 jumba lile lilipofunguliwa tena baada ya ukarabati, mifupa ilikuwa imekwisha ondolewa machoni pa watu, naam, baada ya zaidi ya karne mbili za kuvunjiwa wasia wake.

Aliyeyapa maradhi haya jina na mipaka ni Pierre Marie wa Ufaransa, mwanafunzi wa tabibu Charcot katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, ambaye mwaka 1886 aliandika habari za wagonjwa wawili waliokua mikono, miguu na uso baada ya utu uzima, akauita ugonjwa wao akromegali. Mtu mwenye ugonjwa huu hajui siku ulipomwingia. Pete aliyovishwa harusini hukataa kupita kwenye kifundo cha kidole mpaka ikabidi ikatwe. Viatu vya mwaka juzi humbana. Kofia humkaa juu ya kichwa isishuke. Taya la chini hutangulia mbele na meno yakaachana. Ulimi hunenepa, sauti ikawa nzito, na usiku hukoroma kwa kishindo cha kuwaamsha walio chumba cha pili. Walio naye kila siku hawaoni kitu, kwa kuwa mabadiliko huja kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ndiyo maana matabibu walijifunza mapema hila moja nyepesi ambayo mpaka leo haijapitwa na wakati, nayo ni kumwomba mgonjwa alete picha zake za ujana, wakazipanga mezani kwa taratibu ya miaka, na mara ugonjwa ukajidhihirisha wenyewe bila ya chombo chochote. Mwaka 1887 Oskar Minkowski alitanabahisha kwamba kuvimba kwa tezi ya pituitari ndiko kunakoandamana na ugonjwa huu. Lakini swali la kuwa tezi imezidisha kazi yake au imepunguza likabaki kubishaniwa, na Marie mwenyewe akaelemea upande wa upungufu, ambao baadaye ulidhihirika kuwa si sahihi.

Mabishano ya namna hiyo hukatwa kwa kutenda, na kutenda kulikuwa kugumu, kwa kuwa tezi imekaa mahali palipo mbali na kila mlango. Victor Horsley wa London alijaribu kuiendea kwa kufungua fuvu na kuunyanyua ubongo. Na mwaka 1893 huko Liverpool, Caton na Paul walimfungua fuvu mgonjwa wa akromegali ili wampunguzie maumivu ya kichwa, bila ya kuufikia uvimbe wenyewe. Ubongo si kitu kipendacho kunyanyuliwa, na katika zama ambazo hapakuwa na dawa za kuzuia vijidudu wala njia nzuri ya kukomesha damu, wengi walikufa. Ndipo wapasuaji wa Austria walipoanza kutafakari juu ya pua, ambayo nyuma yake ipo nafasi tupu ndani ya mfupa wa sfenoidi, na dari ya nafasi hiyo ndiyo sakafu ya tezi. Waganga wa maiti wa Misri ya kale walikuwa wakiuvuta ubongo wote kwa njia hiyo hiyo, ila wao hawakuwa na haja ya kumrudisha mtu nyumbani akiwa hai.

Tarehe 16 Machi 1907, mjini Innsbruck, Hermann Schloffer alifanya upasuaji wa kwanza wa namna hii kwa mtu aliye hai, akiigeuza pua yote upande mmoja ili apate nafasi. Mgonjwa alinusurika na kisu, akafa baada ya miezi michache, kwa kuwa sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa imebaki. Mwaka 1908 huko Vienna, Julius von Hochenegg alimpasua mgonjwa wa akromegali, na baada ya uvimbe kupunguzwa dalili zikaanza kurudi nyuma, jambo lililokata mzizi wa fitina ya zamani: maradhi yalitokana na wingi wa kazi ya tezi, si upungufu wake. Na mwaka 1910, katika mji huo huo, Oskar Hirsch, ambaye hakuwa mpasuaji wa ubongo bali tabibu wa pua na koo, alionyesha kwamba hapana haja ya kuigeuza pua wala kuacha kovu usoni, kwani yeye aliingia kwa tundu la pua lenyewe, mgonjwa akiwa macho, ametiwa dawa ya ganzi tu.

Harvey Cushing, aliyezaliwa Cleveland mwaka 1869 na wakati huo akifanya kazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alianza mwezi Machi 1909 kwa kumpasua mkulima mwenye akromegali, akifuata njia ya Schloffer. Kisha akaitengeneza upya akawa na njia yake mwenyewe. Mgonjwa alilazwa chali, akalazwa usingizi, mdomo wa juu ukanyanyuliwa, na kisu kikapita pale ufizi unapokutana na mdomo, mahali ambapo kovu halitaonekana na mtu. Utando ukabanduliwa pande zote mbili za ukuta wa kati wa pua, kikaingizwa kipanuzi cha chuma chenye mabawa mawili, sehemu ya ukuta ikaondolewa, mfupa wa sfenoidi ukafunguliwa, na huko mwisho wa handaki jembamba mpasuaji akaitafuta sakafu ya tezi kwa mwanga wa taa aliyoifunga kwenye paji la uso wake. Kazi yote ilifanyika kwa macho matupu, ndani ya shimo lisilopitisha hata kidole, jirani na mishipa mikubwa miwili ya damu iendayo ubongoni, mmoja kila upande, ambayo kuujeruhi mmojawapo ni kumkabidhi mgonjwa kwa mauti. Hata hivyo, baina ya mwaka 1910 na 1925 Cushing alifanya upasuaji huu mara 231, na katika kila wagonjwa mia waliokufa hawakufika sita, hesabu ambayo kwa zama zile ilikuwa ni ya kustaajabisha.

Kuutambua ugonjwa katika siku hizo kulitegemea vitu vitatu: umbo la mgonjwa, picha ya eksirei, na upana wa nadhari yake. Miali aliyoigundua Röntgen mwaka 1895 haikuweza kuionyesha tezi, lakini iliuonyesha mfupa unaoizunguka, na mfupa uliopanuka au kuliwa ulikuwa ni ushahidi wa kutosha wa kilichomo. Ama nadhari, jambo lake ni la ajabu, kwa kuwa uvimbe ukipanda juu hukandamiza mishipa ya macho mahali pale inapopishana, na mgonjwa hupoteza kuona kwa pembeni, kushoto na kulia, huku cha mbele yake akikiona sawasawa. Husoma gazeti bila ya shida, kisha akainuka na kugonga bega kwenye mhimili wa mlango. Tabibu humkalisha mgonjwa mbele yake, uso kwa uso, akamwamuru aitazame ncha ya pua ya tabibu bila ya kuhamisha macho, halafu akaleta kidole taratibu kutoka upande. Mzima hukiona kidole kikiwa kingali mbali, na mwenye uvimbe hakioni mpaka kimefika karibu na katikati.

Sasa tufike kwenye jambo la kustaajabisha zaidi katika habari hii. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Cushing, ambaye wakati huo alikuwa Boston, aliiacha njia ya puani na kuirudia ya kufungua fuvu. Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Ujuzi wake wa kuunyanyua ubongo ulikuwa umezidi, na mwaka 1926 alikuwa ameanza kutumia chombo cha umeme cha Bovie kukausha damu. Tena aliona kwamba kwa njia ya juu huiona mishipa ya macho waziwazi na kuifungua kwa hakika, ilhali kwa njia ya chini alifanya kazi katika giza, mara nyingi uvimbe ukarudi, na hatari ya vijidudu vya puani kupanda ubongoni ilikuwa haina dawa. Hoja hizi zilikuwa sahihi kwa vifaa vya wakati wake. Lakini ndio mtihani wa mtu mkubwa katika sanaa yoyote, kwamba anapoacha jambo kwa sababu, wafuasi wake huliacha kwa kuwa yeye ameliacha. Na wapasuaji takriban wote wa Marekani na Ulaya wakaifunga njia ile, wala hawakuifunza kwa walio chini yao.

Mmoja hakufuata. Norman Dott wa Edinburgh alikuwa ameanza maisha yake akijifunza ufundi wa mitambo, mpaka ajali ya pikipiki ilipomvunja mguu na kumlaza hospitalini, akatoka humo na hamu ya kuwa daktari. Mwaka 1923 alikwenda Boston kujifunza kwa Cushing wakati mwalimu huyo angali anapita puani. Na aliporejea Uskochi aliendelea na alichokiona, akitumia akili ya fundi kutengeneza kipanuzi chenye taa ndani yake, ili mwanga uwe pale pale kazi inapofanyika. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 aliishika sanaa hiyo bila ya kuipigia debe, na mwaka 1956 Gérard Guiot wa Paris alipozuru Edinburgh akamwona akiifanya, alirudi kwao ameazimia kuihuisha. Guiot aliongeza jambo lake, yaani kutumia eksirei wakati kazi ikiendelea, ili mpasuaji ajue kwa yakini ncha ya chombo imefika wapi. Akawapasua wagonjwa kwa mamia, naye akamfunza kijana kutoka Montreal aitwaye Jules Hardy. Hardy, katika miaka ya 1960, akaleta hadubini ya upasuaji juu ya tundu lile, na giza alilolilalamikia Cushing likaondoka. Huu ndio mnyororo: Cushing, Dott, Guiot, Hardy, watu wanne wa nchi nne, kila mmoja akipokea kwa aliyemtangulia kwa jicho na mkono, na kila mmoja akizidisha kitu kimoja. Wala haifai kumsahau Hirsch, aliyeidumisha njia ya tundu la pua huko Vienna mpaka mwaka 1938, pale ambapo, kwa kuwa alikuwa Myahudi, ilimbidi aikimbie nchi yake iliyotwaliwa na Wanazi, akahamia Boston na kuendelea na kazi yake ugenini.

Lakini mkono peke yake usingalifika mbali lau damu isingalipata mizani yake. Mpaka katikati ya karne, homoni zilijulikana kwa athari zake tu, kwa kuwa kiasi chake katika damu ni kidogo kupita uwezo wa kipimo chochote cha kemia. Katika hospitali ya askari wastaafu mtaani Bronx, New York, mwanafizikia Rosalyn Yalow, ambaye maabara yake ya kwanza ilikuwa chumba cha mtunza usafi, na daktari Solomon Berson, walivumbua njia ya kuipima homoni kwa kuishindanisha na homoni ya namna hiyo hiyo iliyotiwa mnururisho, zote mbili zikigombania kingamwili moja. Wakaitangaza kwa ukamilifu mwaka 1960 wakianza na insulini, na katika miaka michache ikawezekana kupima homoni ya ukuaji na ile inayoziamrisha adrenali. Hawakuifanya njia hiyo kuwa mali yao wala hawakudai ada kwa atakayeitumia. Berson alifariki mwaka 1972, na Yalow akaipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1977 pasipo mwenzake. Kwa mizani hii tabibu akaweza kumnywesha mgonjwa gramu 75 za glukosi na kungoja: kwa mtu mwenye afya homoni ya ukuaji hushuka sana, na kwa mwenye akromegali hukataa kushuka, kwa kuwa uvimbe hausikii amri.

Manufaa ya kukutana kwa mkono na mizani yalidhihirika zaidi katika ugonjwa uliopewa jina la Cushing mwenyewe. Mwezi Disemba 1910 alipokea binti wa miaka 23, mfupi, mwenye uso wa mviringo uliowiva wekundu, tumbo kubwa lenye michirizi ya zambarau, nywele za mwilini zilizozidi, na hedhi iliyokatika. Akamwandika katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuwa mgonjwa wa 45, na baada ya miaka 20, yaani mwaka 1932, akakusanya habari za wagonjwa 12 wa sura hiyo na kutoa hoja kwamba chanzo ni uvimbe mdogo mno wa tezi ya pituitari. Uvimbe wa binti yule haukupata kuonekana wala kupasuliwa, na kwa ajabu maradhi yake yalitulia yenyewe, akaishi mpaka mwaka 1958, karibu miaka 20 baada ya Cushing kufariki. Ama wengine walikufa wakiwa vijana. Baada ya dawa ya kortisoni kupatikana mwaka 1949 iliwezekana kuziondoa tezi zote mbili za adrenali na mgonjwa akaishi kwa vidonge, lakini kwa baadhi yao uvimbe wa pituitari, ukikosa kizuizi, ulikua kwa kasi na ngozi ikawa nyeusi, hali aliyoieleza Don Nelson mwaka 1958. Tiba ya haki ilikuwa ni kuuendea uvimbe wenyewe, nao wakati mwingine hauzidi milimita chache, wala eksirei haionyeshi lolote.

Hapo ndipo kipimo kilipomwongoza mpasuaji. Grant Liddle wa Nashville alieleza mwaka 1960 namna ya kutumia dawa ya deksamethasoni kupambanua wagonjwa hawa. Na hata leo, mtu anayeshukiwa hupewa miligramu 1 usiku saa tano, na asubuhi yake hupimwa kortisoli, ambayo kwa mzima huwa imezimika na kwa mgonjwa inaendelea kama kwamba hapakutolewa kitu. Ikithibiti kwamba ugonjwa upo lakini picha haisemi ulipo, mrija mwembamba hupitishwa kutoka kwenye vena ya kinena mpaka kwenye mifereji ya damu iliyo kushoto na kulia ya tezi, damu ikachotwa hapo na ikalinganishwa na ya mkononi. Wataalamu wa Bethesda, wakiongozwa na Edward Oldfield, walithibitisha mwaka 1991 uwezo wa njia hii wa kutofautisha uvimbe wa pituitari na uvimbe mwingine uliofichama mahali pengine mwilini. Hardy alipoonyesha kwamba uvimbe mdogo kama huo waweza kutolewa peke yake chini ya hadubini, na tezi iliyo nzima ikaachwa mahali pake ikaendelea na kazi, rai ya Cushing ikapata tiba iliyokuwa inaingoja tangu mwaka 1932, na ikaipata kwa njia ile ile aliyoiacha.

Insafu yatupasa kusema pia kwamba si kila uvimbe wa tezi hii unahitaji kisu. Unaotokea mara nyingi zaidi katika zile zinazomwaga homoni ni ule wa prolaktini, unaomletea mwanamke asiyenyonyesha maziwa na kumkatia hedhi na uzazi, na kumpunguzia mwanamume nguvu zake. Nao kwa miaka mingi haukutambulikana, kwa kuwa wataalamu walishuku hata kuwapo kwa prolaktini ya binadamu, mpaka ilipothibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi ya Henry Friesen wa Kanada ikiwa mbele. Wakati huo huo kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilikuwa imetengeneza dawa ya bromokriptini kutokana na kuvu wa nafaka ya rai, yule yule aliyewaua watu wa Ulaya kwa mikate yenye sumu katika karne za kati. Na ikaonekana kwamba dawa hiyo haikomeshi maziwa tu, bali huufanya uvimbe wenyewe usinyae. Mrithi wake, kabergolini, humezwa mara moja au mbili kwa wiki, na kwa wagonjwa walio wengi hapana haja ya zaidi ya hapo. Kwa akromegali, maabara ya Roger Guillemin huko California iligundua mwaka 1973 homoni ya somatostatini inayoizuia homoni ya ukuaji. Yenyewe hudumu dakika chache tu katika damu, lakini mfano wake uliotengenezwa, oktreotidi, ukawa dawa ya sindano kwa wale ambao kisu hakikuwamaliza. Na kwa mabaki yasiyofikika ipo miale, ikiwamo ile inayoelekezwa kwa pande nyingi mahali pamoja, ambayo chombo chake cha kwanza kilitengenezwa na Lars Leksell wa Stockholm mwaka 1968.

Katika miaka ya 1990 kamera nyembamba iliingizwa puani mahali pa hadubini, Roger Jankowski wa Ufaransa akiwa miongoni mwa watangulizi, na Jho na Carrau wa Pittsburgh wakaieneza. Na sasa tabibu wa pua na mpasuaji wa ubongo husimama pamoja, mmoja akiishika kamera na mwingine akifanya kazi, wakipita kwa tundu la pua kama alivyopita Hirsch, na mgonjwa hurudi kwao baada ya siku chache bila ya kovu. Katika mikono ya mabingwa hafi hata mmoja katika mia. Moja ya hatari zilizobakia ni kwamba maji yanayouzunguka ubongo yaweza kupata upenyo yakachuruzika puani, na mpasuaji huziba sakafu ya tezi kwa mafuta au utando wa mgonjwa mwenyewe ili kuyazuia. Hivyo ile njia ya kushukia puani aliyoiwaza Galeno, ambayo maumbile hayakuiweka, wapasuaji waliifungua kwa mikono yao na wakalazimika kujifunza kuifunga.

Mtu akizisoma habari hizi kwa haraka aweza kudhani kwamba ushindi ulikuwa wa vyombo: eksirei, hadubini, mizani ya damu, kamera. Lakini hadubini ilikuwapo katika vyumba vya upasuaji wa masikio tangu miaka ya 1920, wala haikumfunulia mtu tezi mpaka ilipomfikia Hardy, ambaye alikuwa amekwisha ijua njia kwa kuonyeshwa. Uzoefu wa miaka hii umethibitisha vivyo hivyo, kwani hospitali ambazo wapasuaji wake hufanya kazi hii mara kwa mara huwaponya wagonjwa wengi kuliko zile zinazoifanya kwa nadra, hata kama vyombo ni vya kiwanda kimoja. Nasi katika nchi zetu, tunapojenga hospitali na kuagiza mashine kwa fedha nyingi, yafaa tulizingatie jambo hili kabla ya kuzindua jengo: kwamba kamera hununuliwa kwa hundi ya siku moja, na mkono wa kuiongoza hununuliwa kwa miaka ya kijana mmoja aliyetumwa akasimame ubavuni pa bingwa, kisha akapewa nafasi ya kurudi, na wagonjwa wa kutosha wa kuutunzia ujuzi wake, na wanafunzi wa kuurithi. Dott alikuwa na vyote vinne, ndiyo sababu aliweza kungoja miaka 30 mpaka Guiot akaja.